Harufu ya Moshi

Mbinya alikuwa na chupa mbili za asali mikononi, moja yake na moja ya Tryphena, aliposikia viatu vikija mlangoni.

Aliziweka haraka. Yake ikakaa juu ya nambari nane, mahali pa Tryphena. Ya Tryphena ikakaa juu ya nambari saba, mahali pake. Kisha akainama kuokota leso aliyoiacha kitini kwa makusudi, apate sababu ya kurudi ukumbini.

"Mama, bado hujaenda chai?" aliuliza Austin, afisa wa chemba ya wafanyabiashara. Ndiye aliyezipanga chupa mezani asubuhi, kila moja juu ya nambari ya mwenyewe. "Kuja haraka, mandazi yanaisha."

"Nilisahau leso."

"Sawa. Mnunuzi ameshafika kwa geti."

Mbinya alitoka nje roho mkononi. Hakuwahi kuvunja hata hindi moja la jirani, na leo alikuwa ameiba asali ya mwenzake aliyekaa naye benchi moja tangu mafunzo yaanze.

Chemba ilikuwa imehangaika kweli na wafugaji hawa wa nyuki. Iliwafundisha kurina, kuchuja na kutafuta kibali. Mwisho ikawagawia chupa za kioo zinazofanana, ili mwonjaji aonje asali, asionje sura ya mwenye asali. Leo ilikuwa imemleta Voi mnunuzi wa hoteli moja ya mbugani, naye angechagua asali ya mtu mmoja tu.

Kimanzi, mume wa Mbinya, alikuwa amesema lake: wakikosa soko msimu huu, anaiuza mizinga yote iliyoko Ndara na kurudi kuchoma makaa. Kimanzi hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Na mizinga ile Mbinya aliipenda, potelea mbali watu wanaosema nyuki hawapendeki.

Shida ilikuwa moshi. Tangu mkufunzi awaambie kwamba wageni hawataki asali inayonuka moshi, Mbinya aliusikia kila mahali: kwenye asali yake, kwenye leso, hata kwenye chai. Kuonja kwake mwenyewe hakukuwa na maana tena. Naye Tryphena, mama wa milimani aliyejaliwa maneno, hakukosa la kujigamba. "Yangu haina moshi hata wa kutafuta kwa tochi," alikuwa akisema, kisha anacheka. Lakini mizinga yake naye aliitundika bondeni; asali zote mbili zilitoka kwenye maua ya migunga, na kwa macho hungezitofautisha.

Lakini leo Tryphena hakucheka. Wengine walipoitwa chai, yeye alibaki nyuma ukumbini, akisema anaomba kidogo. Alipotoka hakugusa mandazi. Alisimama kando akifuta viganja kwenye sketi, mara mbili, mara tatu.

Anajua ameshashinda mpaka njaa imemwisha, Mbinya alijiambia. Hasira hiyo ndogo ndiyo iliyompa nguvu ya kurudia leso.

Mnunuzi aliitwa Susan. Alikuwa mwanamke mkimya, na alikuja na kijiko chake mwenyewe. Alipita mezani akionja, akinywa maji, akionja tena.  Nambari saba Susan aliionja akapita. Kwenye nambari nane alisimama.

"Hii ina moshi," alisema. "Si mwingi, lakini upo."

Mbinya aliangalia sakafu. Hakuna aliyejua kuwa hiyo ndiyo yake, lakini aibu ilimpanda mpaka masikioni. Pua yake haikuwa imemdanganya, basi. Upande wa pili wa ukumbi Tryphena naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Susan alirudi kwenye nambari saba. Akaonja, akafumba macho.

"Hii ndiyo ninayoitaka, na nitaichukua kila mwezi. Ni ya nani?"

"Nambari saba ni Mbinya!" Austin alipaza sauti. "Si niliwaambia, fuata nyuki ule asali?"

Akina mama waliotoka Njukini na Mahoo walipiga vigelegele. Kimanzi, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono mfukoni, aliitoa mikono akapiga makofi. Mbinya alitabasamu kwa meno tu. Kila mwezi! Ataitoa wapi, naye asali hiyo si yake? Mwezi ujao Susan atakuja na kijiko chake kilekile. Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata mlangoni.

Ndipo alipomwona Tryphena. Alikuwa akilia waziwazi, bila hata kujifuta.

Moyo wa Mbinya haukuweza kuvumilia hilo. Mizinga iuzwe, kama ni ya kuuzwa. Alipenya katikati ya watu akamvuta Tryphena kando ya meza.

"Dada," alisema, "siwezi kukaa na hili jambo. Ile asali imeshinda si yangu. Ni yako."

Tryphena alimshika mkono kwa nguvu, macho yamemtoka.

"Jameni, nani aliniona?" alinong'ona. "Nilingoja mtoke nyote mwende chai, ndio nikazibadilisha chupa zetu. Niliogopa yako itaishinda yangu, dada. Nisamehe."

Mbinya aligeukia meza. Alichukua kijiko mezani, akachota kwenye chupa iliyokuwa juu ya nambari saba, na polepole akaonja asali yake mwenyewe.