Stika Nyekundu Jikoni

Sheria mpya ilitaka kila kitu kirudishwe kilikotoka, na wanafunzi wa Historia ya Dunia walifanyia mtihani wao wa vitendo majumbani kwao. Mwanasha alisimama jikoni huku bintiye Barke akibandika stika nyekundu: majani ya chai, Uchina; unga wa mahindi wa sima, Meksiko; leso aliyojifunga mama, India.

"Nilikupeleka chuo kikuu usome, au uje kunivua nguo?"

"Ni mtihani, Mama."

Barke akapita sebuleni, akambandika babake kifuani: Hadhramaut, Yemeni.

Mwanasha akamfuata, akaibandua stika hiyo, akaitafuna mbele ya binti. "Na wewe binti yake, watakurudisha wapi?"

"Mimi ni nusu, Mama," Barke alinong'ona. "Bado hawajaamua wakate wapi."