Tone la Kahawa

Sponji iliyochovywa kwenye kahawa iligusa mdomo wa Verica, naye akajikuta ameiuma.

"We dada, legeza meno!" mwenzake alicheka. "Tumeambiwa tupanguse, si tutafune."

Walikuwa wataalamu wa lishe waliokuja mafunzoni mjini Niš, Serbia, wakifanyiana mazoezi wawili wawili. Mwalimu wao alipita katikati yao na birika lake dogo la shaba.

"Anayelishwa kwa mrija bado ana ulimi," alisema. "Daktari akikubali, chovya sponji katika kinywaji anachokipenda, ikamue sana, kisha mpanguse midomo. Hatapaliwa."

Verica bado alikuwa ameing'ata sponji. Uchungu wa kahawa ulikuwa ukimwenea taratibu kwenye ufizi.

Wiki iliyopita, wodini kwake, mzee mmoja fundi saa alimshika mkono. Koo lake lilikuwa limepooza, na chakula kilipita kwa mrija puani.

"Binti yangu, nikifa mtakuja kunimwagia kahawa kaburini, kama mila yetu. Si unipake sasa, hata tone?"

"Mzee wangu, unataka nifukuzwe kazi?" Verica alimtania, akarekebisha mrija, akaenda zake. Hakumuuliza daktari. Hakumuuliza mtu yeyote.

"Haya, Verica," mwalimu alisema. "Tuambie, mgonjwa anajisikiaje?"

Verica aliitoa sponji mdomoni. Ilikuwa kavu, alikuwa ameinyonya yote.

"Jumapili," alisema, "walimmwagia birika zima kaburini."