Maswali Arobaini ya Uhamiaji

"Mama yangu anaitwa nani?" Restituta aliuliza.

Arcade alikuna kichwa. "Lu... Lusia?"

"Lusia ni shangazi! Mungu wangu, leo tumekwisha."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya uhamiaji, Mpanda, tangu saa moja asubuhi. Mapajani Restituta alikuwa na daftari la shule lenye maswali arobaini ambayo, kwa habari za mtaani, maofisa hupenda kuyauliza: tarehe ya kuzaliwa, namba ya kiatu, rangi ya mswaki. Arcade, Mrundi, fundi wa simu, alikuwa ameandika majibu kiganjani. Jasho lilikwisha kuyafuta.

Balaa lilianza duka lililomwajiri lilipofungwa. Bila mwajiri, kibali cha kazi kikafa. Akataka kufungua banda lake mwenyewe. Akaambiwa kutengeneza simu mtaani ni kazi ya wananchi. Ikabaki njia moja: kuomba kuishi nchini kama mume wa Mtanzania. Ndipo wakakimbia bomani kufunga ndoa, bila shela, bila pilau.

"Wiki tatu," alisema Afande Getrude walipoingia, akikigeuza cheti chao kama anayekagua noti ya bandia. "Hata wino haujakauka. Nyie si wa kwanza. Watu wanaoana na karatasi siku hizi."

Akamtoa Restituta nje, abaki na Arcade.

Restituta alisimama ukutani akisali. Alijua akili ya yule mwanaume: simu iliyotumbukia mtoni ataifufua, lakini tarehe, hata umpige nyundo, haiingii. Akirudishwa Burundi je? Hakutaka kulimaliza wazo hilo.

Zamu yake ilipofika alijibu harakaharaka, kifua mbele, kama mwanafunzi aliyekesha na daftari. Kisha Getrude akawaweka pamoja na kufungua karatasi mbili.

"Bwana Arcade, siku ya kuzaliwa ya mkeo umesema 'wakati wa kuvuna mpunga'."

"Ni kweli, afande. Kunakuwa na kazi nyingi."

"Mama mkwe humjui jina."

"Sijawahi kumwita jina. Ningeanzaje?"

Getrude aliandika kitu.

"Kitandani. Kila mmoja wenu anasema yeye ndiye anayelala upande wa ukutani."

"Mimi!" wakasema wote, kisha wakatazamana kwa hasira.

"Chakula. Mama umesema mumeo anapenda wali. Yeye kasema ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na kwamba wali," Getrude alisogeza miwani, "'nakula tu ili nyumba itulie'."

Restituta alisahau alipo. "Wali wangu umekukosea nini?"

"Mama wee, si hapa."

"Sema! Sahani mbilimbili unamaliza, kumbe unanionea huruma?"

"Unaweka chumvi nyingi!"

"Basi!" Getrude aligonga meza. Maswali yote arobaini ya daftarini yalikuwa yameulizwa, na yaliyolingana hayakufika kumi. Restituta aliinamisha kichwa. Machozi yalianza kumtoka, na hakujua kama ni ya kibali au ya wali. Arcade, bila kumtazama, alimpa leso yake iliyonuka risasi ya kuchomelea simu.

Getrude alivuta muhuri karibu. Kwenye fomu lilibaki swali moja, akalisoma bila kuinua macho, kama mtu aliyekwisha kuamua.

"Na mtoto, mnatarajia kupata lini?"

Arcade alimtazama Restituta. Restituta alimtazama Arcade.

"Mwingine tena?" wakauliza kwa pamoja.

"Hao saba wanatosha, afande," Restituta alisema, akijifuta pua. "Na wa kwanza mwenyewe anajifungua mwezi ujao."