Maana ya Neno Lile

Mwendesha mashtaka alilitamka neno lile mara ya pili, na Yasinta akakosa Kiswahili chake.

Alikuwa hoi. Alitoka zamu ya hospitali Dallas, akaendesha gari moja kwa moja hadi Houston, maana kampuni ya wakalimani ilimpigia ghafla: kuna mama Mkongo wa mtaa wa Gulfton, anaitwa Esperance, kesi ya mauaji, Kiingereza hajui. Alipofika mahakamani mambo yalikuwa yameshaanza. Alimkuta mama benchi la nyuma, peke yake, kitenge begani. Akampa pole, akainama sikioni mwake na kuanza kunong'ona.

Mbele, kijana mshtakiwa alikuwa amewapa mgongo. Alimpiga risasi mtu aliyekuwa akisubiri basi, kisha akamwandikia rafiki yake kwenye simu neno lile: *thrill kill*.

"Wanasema aliuawa bila sababu," Yasinta alitafsiri.

Mama akamshika kiganja. "Usinifiche, dada. Ile neno iko na maana gani?"

Yasinta akamweleza kwamba ni kumuua mtu usiyemjua, hujakosana naye wala hutaki kitu chake. Unaua ili usikie raha tu.

"Hawakugombana?"

"Hapana, mama."

"Hata kumutusi, hakumutusi?"

"Hata kidogo. Marehemu hakuwa na kosa lolote."

Hilo alilisema taratibu, kwa makusudi. Alishaona kesi za namna hii. Mtu akiuawa, majirani husema lazima alikuwa na lake. Angalau mama huyu angerudi Gulfton na jina safi la mwanawe.

Lakini mama alizidi kujikunja, kama aliyeongezewa mzigo. "Kila siku niliomba Mungu kuwe sababu," alisema. "Hata kidogo tu."

Yasinta alimsugua mgongo.

Jaji alimwamuru mshtakiwa asimame asikilize hukumu. Kijana akasimama. Mama Esperance naye akasimama. Yasinta alimvuta kitenge polepole, akamnong'oneza kwamba wao hawakuambiwa wasimame. Mama hakusikia.

Kijana aligeuza kichwa, akamwona.

"Ukae, mama," alisema kwa Kiswahili, lafudhi ileile ya Esperance.