Kilo Moja Tu

"Geuza mifuko," fundi wa viti alisema.

Rubani kijana aligeuza mifuko yote ya ovaroli. Zilitoka leso na funguo. Wiki iliyopita mwenzake alinaswa na spana mbili soksini, akitaka aonekane mzito, na fundi huyo alimsema mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Fundi huyo, binti wa watu, hakuwa na mzaha na mizani. Kazi yake ilikuwa viti vile vinavyomrusha rubani nje ndege ikiharibika angani. Baruti ya kiti imepimiwa mtu wa kilo sitini na tano au zaidi. Aliye mwepesi hurushwa kwa kishindo kikali mno, na uti wa mgongo huweza kuvunjika. Ndiyo maana rubani huyu, Njiti kama walivyomwita kikosini, alikuwa amezuiwa kuruka mpaka anenepe.

Mizani ilikuwa kuukuu, ikiyumba. Njiti alipanda, akashika ukingo wa meza asianguke, kama alivyofanya kila mchana kwa miezi miwili. Mshale ukasimama kwenye sitini na nne.

Fundi akaguna, akafunua bakuli. Alianza kumpikia kwa huruma tu, mayai mawili. Siku hizi ilikuwa nyama, viazi na maziwa ya kushushia. Walikula pamoja pale karakana, wakicheka hadi mafundi wengine wakawa wanakohoa makusudi. Mashati yalimbana Njiti, kifungo kimoja kilisharuka, lakini kilo ile moja haikupatikana ng'o.

Leo mkuu wa kikosi alikuwa ameleta karatasi. Uzito usipotimia kabla ya jioni, kesho Njiti anahamia ofisini kupanga mafaili, na kuruka asahau. Mama yake alishawatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni rubani.

Njiti akamuuliza fundi, kama mtu anayeuliza habari za mvua, iwapo marubani wanaoruka nao huletewa chakula karakana. Fundi akajibu kwamba wale wana bwalo lao. Njiti akashusha pumzi, akaweka kijiko chini.

Fundi alimtazama kidogo, kisha akaenda kufunga mlango.

"Panda tena," alisema. "Na leo toa huo mkono mezani."

Mshale ulipita sitini na tano bila kusita, ukaenda kusimama kwenye sabini na moja.

Njiti aliinamisha kichwa kwa aibu. Fundi akaandika uzito kwenye karatasi ya mkuu, akatia sahihi.

"Huo mkono niliuona tangu wiki ya kwanza," alisema, akilifunika bakuli. "Kesho utakula nini?"