Mpaka Uliopita Kichochoroni

Mwezi mzima Mashavu alipita mlango kwa mlango akimnadi shoga yake Riziki, mgombea ubunge na jirani aliyetengana naye kwa kichochoro tu. "Mbunge huyu tuliye naye hata choo cha soko hajatujengea," alisema, na watu wakamwitikia.

Siku ya kura alikuwa akiichekesha foleni nzima, mpaka karani alipomrudishia kitambulisho chake.

"Mama, nyinyi wa upande ule hampigi kura hapa. Mpaka umesogezwa, sasa unapita kichochoroni kwenu."

"Tena? Uchaguzi uliopita tulikuwa jimbo la stesheni, kabla yake la mjini. Kwani sisi mbuzi wa kuhamishwahamishwa?"

"Sasa ni la mlimani, mama. Nendeni ng'ambo ya reli."

Wote aliowashawishi upande wake wakatoka kwenye foleni, wakamfuata. Huko ng'ambo, jina la Riziki halikuwemo kwenye karatasi ya kura. Mashavu akamchagua bwana mmoja mwenye masharubu, akachovya kidole kwenye wino.

Jioni Riziki alirudi kutoka vituo vya mbali, hana habari ya mpaka, akakuta kwake kumejaa watu wa upande wa Mashavu na pilau imeiva. Akaushika mkono wa Mashavu, akauinua juu.

"Kura yangu ya kwanza hii," alisema. "Haya, na nyinyi wengine nionyesheni."

Vidole vyenye wino vikapanda kimoja kimoja. Riziki akacheka hadi machozi. Mtu akawasha redio, matokeo yalikuwa karibu kuanza kutangazwa. Mashavu alitaka kuuteremsha mkono, lakini shoga yake alikuwa bado ameushikilia.