Bukari Iliyotoka Damu

Bukari ilikuwa inatoka damu.

Numbi aliifunua sahani mbele ya watu wote wa matanga, na hata wanaume waliokuwa wakicheza karata nje waliingia. Juu ya bonge jeupe la ugali kulikuwa na matone mekundu, mabichi, yanayong'aa. Lilikuwa fungu la marehemu mwanawe, Clovis, lililowekwa chumbani mwake tangu mazishi, kama walivyozoea katika ukoo wao.

"Mutoto yangu anasema," Numbi alitamka. "Iko anatuonyesha muntu mwenye alimuua."

Wote wakamgeukia mjane.

Ngalula, mjane huyo, alikuwa Mkasai, na mwaka ule, mjini Elisabethville, hilo peke yake lilitosha mtu kuuawa. Ndugu zake walikuwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, ONU. Kaka yake Casimir hakuwahi kufika. Vijana wenye minyororo ya baiskeli walimchomea ndani ya nyumba yake. Sasa vijana wale wale walikuwa wameegemea ua, hapa mtaani Katuba, wakisubiri neno moja tu kutoka ndani.

"Clovis alikula sombe yako, ile majani ya muhogo ulipika wewe mwenyewe, akatapika, akafa," Numbi alisema.

"Nusu ya Katuba inatapika, mama. Maji iko michafu."

"Na hii damu?"

Chileshe, mjomba wa marehemu, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale. Aliitazama sahani, akamtazama mjane.

"Numbi, dada yangu. Huyu mwanamuke angemuua bwana yake juu ya nini?"

Sababu Numbi aliijua, na mtaa mzima uliijua: ni nani aliyewaonyesha vijana mlango wa Casimir. Lakini mama gani atalisema hilo juu ya mwanawe kabla udongo wa kaburi haujakauka? Akanyoosha kidole kwenye sahani.

"Uliza bukari."

"Basi tuiulize," Ngalula akasema.

Alikuwa msaidizi wa maabara mwenye diploma. Alichemsha vikopo viwili, akatia bukari mpya katika kila kimoja, kisha akachovya sindano kwenye tone jekundu na kuigusa bukari ya vyote viwili, akavifunika.

"Hii si damu. Ni mikrobi, kadudu kadogo kasikoonekana. Kopo moja itabaki hapa chini, kwenye simenti ya baridi. Ingine, mama ataifunga kwenye tumbo yake, chini ya kitenge, alale nayo. Mujomba atalinda zote mbili."

"Kwenye tumbo yangu?"

"Mutaamini tumbo ya nani ingine? Yangu?"

Mtu akaangua kicheko nyuma. "Mama Numbi amebeba mimba ya bukari!" Hata Chileshe aliuma mdomo.

Numbi akalala na kopo, akaamka nalo, akaenda nalo chooni huku Chileshe akisubiri nje kama askari jandarme. Keshokutwa yake walivifungua mbele ya watu. Bukari ya kwenye simenti ilikuwa nyekundu kama pilipili. Ile ya tumboni ilikuwa imefunikwa na ute mweupe, bila hata tone jekundu. Na ilipoachwa kwenye simenti mpaka siku iliyofuata, nayo ikawa nyekundu.

"Damu ya muntu inaogopa tumbo ya mama yake?" Ngalula aliuliza. "Haka kadudu kanavaa nyekundu kwenye baridi, kanaivua kwenye joto. Mafuta yenu ya mawese inaganda asubuhi, kwenye jua inayeyuka. Nani anaroga mafuta?"

Chileshe alitoka nje, akawaambia vijana waende zao. Waliondoka wakishika matumbo na kutembea kwa madaha, wakimwiga Numbi, na kicheko chao kikasikika mpaka barabarani.

Aliporudi alitoa hukumu. Numbi apige magoti mbele ya wote na kuomba radhi. Tena, tangu siku ile, neno lake juu ya kifo cha Clovis lisisikilizwe katika nyumba yoyote ya ukoo. Ngalula abaki katika nyumba ya mumewe, na atakayemgusa atakuwa amemgusa Chileshe.

Numbi akapiga magoti, pole pole, mkono mmoja ukutani.

"Unisamehe, mutoto. Niliamini bukari."

Ngalula alimwinua, akamkumbatia kwa nguvu, shavu kwa shavu. Wanawake walilia kwa huruma. Naye akamnong'oneza sikioni:

"Ile mikrobi niliitoa miye kwa labo, kwenye kazi yangu, mama, nikaipaka kwenye bukari. Mulitafuta kitu ya kuangalia, nikawapa bukari. Sufuria ya sombe, ile ilimuua Clovis, hakuna muntu aliiangalia. Enda uwaambie. Siombi radhi."